Nusu Pumzi

Oraph Mligo alikuwa ananing'inia kwenye mkono wa kulia wa Gwamaka, na alikuwa anacheka.

Hakikuwa kicheko cha furaha. Ni kile kinachomtoka mtu anapotambua kwamba sasa hivi angekuwa maiti, na bado anahema. Walikuwa ndani ya mnara wa mtambo wa upepo, mmojawapo wa ile iliyosimama kwenye vilima vya nje ya Makambako, wakishuka ngazi ya chuma baada ya kubadilisha mafuta ya gia. Oraph alikuwa ametoa kulabu ya mkanda wake kwenye reli ili aipachike chini ya kiungo cha reli hiyo, kazi ya kufumba na kufumbua, na hapo hapo buti lake likakanyaga grisi. Gwamaka alikuwa juu yake. Alimdaka kwa mshipi wa mgongoni kabla hata hajajua kwamba anamdaka. Mkono ndio uliojua. Ndivyo ulivyokuwa mkono ule, kila mara ulitangulia.

"Umenishika?"

"Nimekushika. Tafuta ngazi kwa mguu."

Oraph akatapatapa, ncha ya buti ikagusa chuma, ikateleza tena. Vidole vya kijivu vya Gwamaka viliuma mshipi bila kutetemeka. Mkono wa nyama ungeshachoka.

"Ukiniachia leo, ndugu yangu," Oraph akasema huku akihema na kucheka, "tutakuwa sare."

Mkono ukafunguka.

Oraph alianguka hadi jukwaa la chini. Hakupiga kelele. Ulisikika mlio wa bati zito, kisha mlio mwingine mdogo ambao Gwamaka hakutaka kuujua ni wa nini. Kofia ngumu ilibiringika, ikajizungusha, ikatulia. Juu yao upepo uliendelea kuguna kwenye mabawa yaliyofungwa breki. Gwamaka alibaki ameuning'iniza mkono hewani, vidole vyote vitano vimekunjuka vizuri, kama vya mtu anayesubiri kupewa kitu.

Kisha mkono uleule ukaenda kifuani, ukabonyeza redio, na sauti yake ikaomba msaada.

*

Makambako nzima ilijua habari ya hao wawili. Miaka miwili nyuma, kwenye mnara mwingine, Oraph aliachia breki kabla hajaambiwa. Alikuwa na haraka, mvua ilikuwa inakuja, akadhani mwenzake ameshatoa mkono kwenye gia. Gwamaka alikuwa hajautoa. Waliposhuka siku ile, Gwamaka Mwaijande alikuwa ameacha juu kiganja cha kulia na nusu ya mkono.

Alimsamehe. Hilo nalo lilijulikana. Kanisani walisimamishwa mbele pamoja, Oraph analia kama mtoto, Gwamaka amemshika bega kwa mkono uliobaki, na mchungaji akawaambia waumini watazame, maana msamaha hauonekani kwa macho kila Jumapili. Baadaye watafiti wa Mbeya walipotafuta watu wa kujaribu mkono mpya, mkono usiosubiri misuli bali unaosikiliza ubongo wenyewe, ni Oraph aliyempeleka Gwamaka, akamngojea nje wakati wanampasua fuvu na kumwekea wavu mwembamba kuliko utando wa buibui. Na Gwamaka aliporudi kazini, aliomba apangwe tena na Oraph.

Kwa hiyo Oraph alipoanguka, hakuna aliyefikiria vibaya. "Chaji iliisha," walisema mafundi. "Chaji iliisha," alisema meneja. Gwamaka alipoulizwa aliitikia kwa kichwa, na kile kichwa alichoitikia nacho kikamkaa shingoni kama jiwe. Chaji haikuisha. Mkono ulioishiwa chaji haubonyezi redio.

Siku zilizofuata hakuweza kukaa. Akikaa, goti linachezacheza. Akisimama, anazunguka ua, anaokota kijiti, anakitupa, anakiokota tena. Chai aliinywa amesimama mlangoni. Mkewe Tusekile alimwona anaosha vikombe kwa mkono wa kushoto peke yake, ule wa kulia amekunja nyuma ya mgongo.

"Baba Ipyana, mkono umeharibika?"

"Haujaharibika."

"Sasa mbona unauficha?"

Angemwambia nini? Kwamba pale juu, Oraph alipotamka lile neno sare, kitu kilipita ndani yake, kitu kidogo, chepesi, kama panya anayekatiza chumba? Hakikufika hata kuwa wazo. Ila alikiona mkia.

Profesa Kalinga, mkuu wa wale watafiti wa Mbeya, alipiga simu mwenyewe. Alimpa pole, akamuulizia Oraph, nyonga iliyovunjika na mguu usiosikia, kisha akasema mafundi wake wamekwisha kuligundua tatizo. "Ni betri, Gwamaka. Kundi zima la betri. Njoo tukubadilishie, na wiki ijayo ukiitwa kwenye kikao cha uchunguzi cha kampuni, utawaeleza hivyo. Usijitese."

Gwamaka alipanda treni ya Mbeya. Njia nzima alisimama dirishani.

*

Dokta Editha Kessy ndiye aliyempokea maabara. Alikuwa mwanasaikolojia wa timu ile, mwanamke mrefu anayeongea haraka kisha ananyamaza ghafla, kana kwamba amesikia sauti yake mwenyewe. Hakugusa betri. Alifunga mlango, akamtaka asimulie yote ya mnarani neno kwa neno, kisha akamketisha mbele ya meza yenye taa moja ya kijani na spika ndogo.

"Profesa hajui kwamba nafanya hili," alisema. "Tuanze na mkono wa kushoto. Taa ikiwaka, finya huu mpira. Lakini ukisikia honi, usifinye. Zuia."

Taa ikawaka, Gwamaka akafinya. Ikawaka, akafinya. Ikawaka, honi ikalia nyuma yake kidogo tu, na mkono wa kushoto ukasita, vidole vimegusa mpira bila kuubana. Mara nyingine alichelewa, lakini mara nyingi aliwahi. Alianza kuona kama mchezo.

"Sasa wa kulia."

Taa, akafinya. Taa na honi, akafinya. Akakaza meno. Taa na honi, akafinya. Alikaa ukingoni mwa kiti, jasho likamtoka, akaapa moyoni kwamba safari hii hafinyi, na taa ilipowaka honi ikafuata na mpira ulikuwa umekwisha kubanwa. Hakuwahi hata mara moja. Ilikuwa kama kukimbilia mlango ambao kila ukifika unakuta umefungwa kitambo.

"Zima," alisema. "Dokta, zima hicho kitu."

Editha akazima. Akavuta kiti akakaa karibu naye, si upande wa pili wa meza.

"Unakumbuka mkono ulipokuwa mpya? Ulikuwa na kitu tulichokiita nusu pumzi. Nia ikitokea kichwani, mkono unangoja kidogo ndipo utende. Mlilalamika."

"Ulikuwa mzito. Nilivunja vikombe vya mke wangu vyote."

"Mlilalamika nyote mnaovaa mikono hii. Na tulikuwa tumeshagundua kwamba ule wavu unaweza kuisoma nia mapema zaidi, kabla mwenyewe hajajua kuwa ameinuia. Tukaifuata mpaka chimbuko. Tukaiondoa nusu pumzi. Mikono ikawa miepesi ajabu, mkafurahi, sisi tukachapisha makala, tukapigiwa makofi mpaka nje ya nchi." Akaendelea taratibu. "Tulidhani kile kitambo ni uvivu wa mwili tu. Kumbe ndipo mtu anapofanya kazi yake. Kila siku, Gwamaka, kichwani mwako na mwangu yanachipuka mambo ambayo tusingeyatenda kamwe. Mtu anasimama ukingoni mwa mwamba, kitu kinamwambia ruka. Mama amembeba mtoto, kitu kinamwambia mwachie. Yanachipuka, tunayakata, hata hatujui kwamba tumeyakata. Mkono wako unayachukua kabla hujapata nafasi ya kuyakata."

Gwamaka aliutazama mkono wake juu ya meza.

"Kwa hiyo nilitaka kumwachia."

"Sijasema hivyo."

"Sema basi. Nilitaka, au sikutaka?"

"Sijui." Alisema bila kukwepa macho yake. "Chombo kinajua kwamba mkono uliambiwa ufunguke. Hakijui kwa nini. Ulisema Oraph alitamka 'ukiniachia'. Neno lenyewe linaweza kuuandaa mkono kuachia, kama mtu akikwambia usimeze mate. Inawezekana ni hilo tu. Na inawezekana ni jambo la zamani, la kule kwenye gia. Inawezekana ni yote mawili. Hakuna mashine duniani itakayokutenganishia."

Mlango ulifunguliwa. Profesa Kalinga alisimama hapo, mzee nadhifu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kuipandisha. Aliitazama taa, akautazama mpira, akaelewa.

"Editha, tulikubaliana."

"Wewe ulikubaliana, Profesa."

Profesa hakugomba. Aliingia, akafunga mlango nyuma yake, akamgeukia Gwamaka. "Mwanangu, nisikilize kisha uamue mwenyewe. Nusu pumzi nitairudisha kwenye mikono yote, leo hii. Kwa nini unadhani nimewaita wenzako wote? Watakuja kwa ajili ya betri, wataondoka salama. Hilo limekwisha. Linalobaki ni tutawaambia nini watu. Tukisema ni betri, wewe uko huru, na wenzako wako huru. Tukisema mkono ulitii nia ya moyoni, polisi watakuuliza nia hiyo ni ipi. Na si wewe peke yako. Kila anayevaa mkono huu ataogopwa. Nani atamwachia ampakate mtoto? Nani atamwajiri? Mitaani watasema mikono hii inatoa siri za mioyo. Miaka kumi nimewapa watu mikono, sitaki waitwe wauaji."

"Na Oraph?" Gwamaka aliuliza.

"Oraph atalipiwa matibabu yote. Ukweli huu utamwongezea nini, zaidi ya maumivu?"

Gwamaka alimtazama usoni, akaona mzee anayeamini anachokisema. Hilo ndilo lililomchosha. Angekuwa mbele ya mtu mbaya, angejua la kufanya.

*

Alitoka nje akakuta mwanamke ameketi kwenye benchi la ukumbini, kanga begani, mkono wa kijivu umelala mapajani juu ya mkoba. Jina lake Tabu Mfaume, msusi wa Soweto pale Mbeya, aliyepoteza mkono wake kwenye mashine ya kukoboa. Walishaonana mara moja mbili katika majaribio.

"Kaka Gwamaka! Na wewe betri?"

"Na mimi."

"Wasije wakaniharibia tu. Nina saluni ya watu kwa sababu ya mkono huu. Nasuka ile misuko midogo midogo mpaka wasichana wenye mikono yao wanakuja kuangalia. Wakinirudishia ule uzito wa mwanzo naacha kazi. Mkono mzito si mkono."

Alicheka, lakini kicheko kilikatika katikati. Akautazama mlango wa maabara, akapunguza sauti.

"Nikuulize kitu, kaka, usinicheke. Wako... umewahi kukufanyia kitu?"

"Kitu gani?"

"Mwanangu alimwaga uji. Uji tu. Nikamzaba kofi, lilimwangusha chini. Mimi nimelelewa kwa makofi, nikaapa wangu sitampiga, na sijawahi. Nilikuwa nimeshika kitambaa nataka kupangusa, kumbe nimeshampiga." Alikuwa anaufunikafunika mkono kwa kanga, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Nimekwenda kwa shehe kusomewa. Akasema sina pepo. Basi nikajua ni mimi mwenyewe, ndivyo nilivyo, mama yangu yumo ndani yangu. Siku hizi nikifika nyumbani nauvua naufungia kabatini, nambeba mwanangu kwa huu mmoja. Ananiuliza, mama, mkono umekosa nini?"

Gwamaka alifungua kinywa. Maneno yalikuwa hapo, mepesi kabisa: dada, si wewe, walikuondolea nafasi ya kuzuia. Lakini mlango ulifunguka, Profesa akatokeza kichwa na tabasamu la upole. "Mama Zuhura, karibu. Ni jambo dogo tu, betri."

Tabu akainuka, akajifuta macho, akaingia. Gwamaka akabaki na kinywa kimefunguka.

Baadaye walimwita naye wakamrudishia nusu pumzi yake. Alipofika kituoni alijaribu kuokota tiketi iliyoanguka, na mkono ukamchelewesha, mara mbili akagusa sakafu tupu. Abiria mwenzake akamwokotea.

*

Tusekile alimsikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua.

"Ukisema, utafungwa?"

"Sijui. Labda. Mnarani hawatanirudisha, hilo najua. Mkono huu sasa haufai mnarani."

"Mimi ndiye niliyekufunga vifungo vya shati mwaka mzima," alisema Tusekile. "Nikakukata kucha. Nikasikia watu wanamwita Ipyana mtoto wa kilema. Nilipoona umefunga kamba za viatu mwenyewe nilijifungia chooni nikalia. Usinifikirie vibaya, Baba Ipyana. Ningependa iwe betri."

"Hata mimi."

Akaupeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Lakini yule mama wa Mbeya," alisema, akaokota kokoto kwenye ungo akaitupa. "Yule mama anamnyima mtoto mkono kwa kosa asilolijua. Hilo mimi nisingeweza kulala nalo."

"Nitaanza na Oraph. Hastahili kulisikia kikaoni."

"Nenda basi. Nenda kabla hujapata maneno mazuri."

*

Hospitali ya misheni ilikuwa imepakwa rangi mpya na harufu yake iliziba pua. Oraph alilala chali, mguu umefungwa kwenye vyuma, ndevu zimemwota ovyo. Alimtazama Gwamaka akiingia, akautazama mkono, akatazama dari.

"Pole, ndugu yangu."

"Nimeshapoa."

Gwamaka alibaki amesimama. Kulikuwa na kiti, hakukikalia. "Oraph, chaji haikuisha."

"Najua. Ulipiga redio kwa mkono uleule. Nilikuwa nimelala pale chini nakuangalia." Sauti yake ilikuwa kavu. "Siku zote hizi nasema, akija akaniambia chaji, nitamwita nesi amtoe. Haya, endelea."

Gwamaka akaendelea. Alimweleza taa na honi, na nusu pumzi, na wavu unaosikia kabla ya mwenyewe. Alieleza vibaya, akirudia, akichanganya, mikono yote miwili ikipapasa hewani, mmoja nyuma ya mwenzake. Oraph hakumkatiza. Alipomaliza, ilisikika mashine ya jirani ikihesabu mapigo ya moyo wa mtu mwingine.

"Kwa hiyo moyoni ulitaka nianguke."

"Sijui."

"Hujui?"

"Dokta naye hajui. Labda ni lile neno lako ndilo lililoufungua. Labda ni mimi. Kuna kitu kilipita, Oraph. Nilikiona. Sitakudanganya kwamba sikukiona."

"Ulinisamehe mbele za watu."

"Nilikusamehe. Sijui kama nilimaliza." Alisema hivyo na akashangaa kwamba ndivyo ilivyokuwa. "Nadhani nilikuwa nakusamehe kila nilipokuona. Kila asubuhi, bila kujua, kinachipuka nakikata, kinachipuka nakikata. Siku ile sikupata nafasi."

Oraph aligeuza uso ukutani. Mabega yake yalitikisika, na Gwamaka hakujua kama analia au anazuia hasira.

"Umeniletea 'labda'," Oraph alisema kwa ukuta. "Mimi nimelala hapa mguu wangu hausikii sindano, na wewe umepanda mpaka hapa kuniletea 'labda'."

"Ndiyo niliyo nayo."

"Toka, Gwamaka."

Akatoka.

*

Kwenye kikao cha uchunguzi alisema yote, na alipomaliza Dokta Editha akasimama bila kuitwa akasema ni kweli. Profesa Kalinga hakukanusha. Alivua miwani, akaifuta, na kwa mara ya kwanza alionekana ni mzee hasa. Mengi aliyoyaonya yalitokea. Polisi walimhoji Gwamaka siku nzima, wakamwachia, wakamwita tena, hatimaye wakasema hawaoni kifungu cha kumshtaki mtu kwa jambo alilozuiwa kulizuia. Kampuni ilimshusha mnarani ikamweka stoo ya vipuri. Sokoni mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake alipoona mkono wa kijivu. Kijana mmoja aliyevaa mkono kama huo, dereva, alifukuzwa kazi, akamtumia Gwamaka ujumbe mrefu ambao hakuumaliza kuusoma.

Tabu alipoipata habari alipiga simu. Kwanza alilia. Kisha akamtukana, kwa sababu mkono umekuwa mzito na wateja wameanza kuhesabu saa. Kisha akalia tena, akasema mwanangu huyu hapa nimempakata, nimempakata kwa yote miwili, sema naye. Na sauti ndogo ikasema shikamoo.

Gwamaka alianza kwenda hospitali kila Jumamosi. Alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mazoezi, alikosikia vyuma vikigongana na mtaalamu wa viungo, Sista Imelda, akimhimiza Oraph. Oraph alijua yupo. Hakumwita, wala hakumfukuza. Saa ya mazoezi ikiisha, Gwamaka aliondoka. Hakujua anangoja nini, ila akiwa pale goti lake lilitulia.

Ikapita miezi. Jumamosi moja msaidizi wa Sista Imelda hakufika, na Oraph alikuwa amefikia kuacha vyuma vya kujishikilia na kutembea akishikiliwa na mtu kila upande. Gwamaka alisikia wanabishana ndani. Kisha sauti ya Oraph, yenye hasira ya mtu aliyeshindwa na mwili wake:

"Mwambie huyo aliyekaa nje aingie."

Aliingia. Oraph alikuwa amesimama katikati ya chumba, amekonda, jasho linamchuruzika, Sista amemshika upande wa kulia. Upande wa pili hewa tupu. Gwamaka alisogea mpaka karibu naye, akasita, hakujua amshike vipi. Aliinyoosha mikono yote miwili mbele yake, viganja juu, ule wa kulia ukichelewa kidogo nyuma ya wa kushoto.

Oraph aliitazama kwa muda mrefu. Akautazama wa kijivu, vidole vyake vikimalizia kukunjuka. Akautazama wa nyama.

"Wa kushoto," alisema, na akaukamata kwa nguvu hata ukauma.

Wakapiga hatua. Wakapiga nyingine. Mguu uliburuza, ukakanyaga, ukashika.

"Kwa leo," akasema Oraph.